Momenti ya kupinda kwenye boriti yenye viegemeo viwili: mwongozo kamili wa kukokotoa

Madaftari ninayoletewa na vijana wa diploma ya ujenzi hapa Nairobi yanafanana sana. Nguvu za viegemeo (kuta au nguzo zinazoibeba boriti) ziko sahihi, mchoro umepigwa rula vizuri, halafu jibu la mwisho la momenti, yaani kiasi ambacho mizigo inaipinda boriti (nguvu mara umbali), limepotoka. Mwanafunzi anarudia hesabu usiku kucha, anapata jibu lile lile, na hajui limeharibikia wapi kwa sababu kila anachokihakiki kinakubali.

Mara nyingi kosa ni moja tu. Ameuchukua mzigo ulioenea juu ya boriti, akaukusanya kuwa nguvu moja ili apate nguvu za viegemeo, kisha akaendelea na ile nguvu moja hadi kwenye momenti, kana kwamba mzigo halisi umetoweka.

Kwa hiyo weka kanuni hii juu ya ukurasa wako: kata kwanza, kusanya baadaye. Hatua zote zilizo hapa chini zinaizingatia.

## Unachohitaji

- Karatasi yenye miraba, penseli, kifutio na rula. Mchoro wa mkono usio na vipimo ndio chanzo cha umbali unaokosewa.
- Kikokotoo cha kawaida cha shule. Programu za simu zinazotoa jibu moja kwa moja ziache kwanza. Utazitumia kuhakiki ukishamaliza.
- Vipimo vya boriti: upana, kimo, na nafasi iliyo wazi kati ya ukuta na ukuta.
- Uzito wa kila kitu kinachokaa juu yake, pamoja na mahali kinapoanzia na kinapoishia.
- Uamuzi wa vipimo. Tumia kilonyutoni (kN) na mita (m) tangu mwanzo hadi mwisho. Usiandike milimita mahali popote kwenye hesabu ya momenti.

Kama hujazoea kilonyutoni, chukua hivi: kN 1 ni uzito wa takriban kilo 102. Mfuko wa simiti wa kilo 50 ni karibu nusu kN. Ukiona kN 20 kwenye mchoro, waza mifuko 40 ya simiti imepangwa mahali pamoja.

## Mfano tutakaoufuata

Tuchukue nyumba ya ghorofa moja inayojengwa mtaa wa Utawala, Nairobi. Kuna boriti ya zege inayovuka sebule, na imelazwa juu ya kuta mbili za mawe ya Ndarugo zenye unene wa mm 200. Nafasi iliyo wazi kati ya kuta ni m 4.8. Boriti ina upana wa mm 200 na kimo cha mm 400.

Juu yake kuna ukuta wa kugawa vyumba. Ukuta huo hauanzii mwanzoni mwa boriti. Sehemu ya kwanza imeachwa wazi kwa njia ya kupita. Vilevile kuna boriti ndogo ya ngazi inayoingia kutoka ubavuni na kuibebesha kN 20. Slabu ya hapo imeegemea kuta nyingine, kwa hiyo haihusiki.

Nimeuchagua mfano huu makusudi. Ule wa vitabuni, wenye mzigo sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, una fomula tayari na hauwezi kukuonyesha kama umeelewa.

## Hatua ya 1: Hakikisha boriti yako ni ya aina hii kweli

Boriti ya viegemeo viwili ni ile inayolala juu ya vitu viwili bila kufungwa navyo. Ikibebeshwa mzigo, ncha zake zinaweza kuzunguka kidogo. Lenta juu ya mlango, chuma cha I kilicholazwa juu ya kuta mbili, ubao unaovuka mtaro: zote ni za aina hii. Kwenye ncha zake momenti ni sufuri.

Boriti iliyomwagwa pamoja na nguzo zake, nondo zikapita ndani ya nguzo, si ya aina hii. Nguzo inaizuia isizunguke, na momenti inatokea pia juu ya egemeo. Hesabu ya mwongozo huu haitoshi kwa boriti hiyo, na magorofa mengi yanayopanda Pipeline, Ruaka na Kayole yana boriti za namna hiyo. Usilichukue jibu la hapa ukalipeleka kule.

Ukifaulu: unaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini ncha za boriti yako ziko huru kuzunguka.

## Hatua ya 2: Tafuta urefu wa hesabu

Urefu unaotumika si nafasi iliyo wazi peke yake, wala si boriti nzima pamoja na ncha zilizolala ukutani. Kwa mfano huu tunapima kutoka katikati ya egemeo moja hadi katikati ya jingine, kwa sababu hapo ndipo tunapochukulia kwamba ukuta unaisukuma boriti juu.

Nafasi wazi ni m 4.8. Ongeza nusu ya ukuta wa kushoto (m 0.1) na nusu ya ukuta wa kulia (m 0.1).

L = 4.8 + 0.1 + 0.1 = m 5.0

Egemeo la kushoto liite A, la kulia B. Kuanzia sasa kila umbali unapimwa kutoka A, hata kama mzigo uko karibu na B. Ukianza kuchanganya, umbali mmoja kutoka A na mwingine kutoka B, hakuna atakayekuokoa.

## Hatua ya 3: Geuza kila kitu kiwe mzigo

Anza na uzito wa boriti yenyewe. Huu ndio unaosahauliwa kuliko yote, labda kwa kuwa hakuna mtu aliyeubeba kuupandisha juu; uko tu. Zege lenye nondo lina uzito wa kN 25 kwa mita ya ujazo.

Uzito wa boriti = 0.2 × 0.4 × 25 = kN 2 kwa kila mita, kwa m 5 zote.

Sasa ukuta. Unene wa mawe ni mm 150, plasta pande zote mbili inaongeza mm 30, kimo ni m 2.5. Kwa mfano huu tumia kN 20 kwa mita ya ujazo. Mawe hutofautiana kutoka timbo moja hadi jingine, kwa hiyo kwenye kazi halisi tumia kipimo alichokubali mhandisi wa mradi.

Uzito wa ukuta = 0.18 × 2.5 × 20 = kN 9 kwa kila mita. Ukuta unaanzia m 2 kutoka A na kuishia B, kwa hiyo umekaa juu ya m 3.

Mzigo wa tatu ni boriti ya ngazi: kN 20, m 4 kutoka A.

Jumla yake ni (2 × 5) + (9 × 3) + 20 = 10 + 27 + 20 = kN 57. Izungushie duara. Utaihitaji mara mbili.

Tahadhari: uliza pia ni nini kitakachoongezwa baadaye. Nairobi maji huja kwa zamu, na karibu kila mwenye nyumba huishia kuweka tanki juu. Tanki la lita 2,000 likijaa ni karibu kN 20 za maji peke yake. Kama halikuwekwa kwenye hesabu, boriti italibeba bila mtu kuwahi kuiuliza kama inaweza.

## Hatua ya 4: Chora boriti kwa vipimo

Chora mstari wa sm 10 ukiwakilisha m 5. Yaani sm 2 kwa kila mita. Weka A na B. Mzigo ulioenea uonyeshe kwa mstatili juu ya boriti: mstatili mfupi wa kN 2 kwa mita kutoka 0 hadi 5, na mwingine mrefu zaidi wa kN 9 kwa mita kutoka 2 hadi 5. Mzigo wa nukta, yaani ule unaokaa mahali pamoja tu kama wa ngazi, uonyeshe kwa mshale mmoja kwenye m 4.

Andika umbali chini ya mstari: 0, 2, 4, 5.

Hapo penye 2 na 4, mzigo unabadilika. Kati ya alama hizo mbili na zile za ncha, boriti imegawanyika vipande vitatu: 0 hadi 2, 2 hadi 4, 4 hadi 5. Kila kipande kina hesabu yake. Anayetumia mlinganyo mmoja kwa boriti nzima yenye mizigo ya aina hii ameshapotea kabla hajashika kikokotoo.

## Hatua ya 5: Tafuta nguvu za viegemeo

Hapa, na hapa tu kwa sasa, unaruhusiwa kukusanya mizigo iliyoenea. Sababu ni kwamba unaitazama boriti nzima bila kuikata, na kwa boriti nzima mzigo ulioenea unaleta momenti sawa na ule uliokusanywa katikati yake.

Katikati ya uzito wa boriti ni m 2.5 kutoka A. Katikati ya ukuta ni wapi? Ukuta una m 3, nusu yake ni 1.5, lakini unaanzia kwenye 2. Kwa hiyo ni 2 + 1.5 = m 3.5 kutoka A. Wengi huandika 1.5 na kuendelea. Hiyo 1.5 imepimwa kutoka mwanzo wa ukuta, na ukuta si egemeo.

Chukua momenti kuzunguka A, yaani zidisha kila nguvu kwa umbali wake kutoka A. Tunazungukia A ili nguvu ya A isiingie kwenye mlinganyo, maana umbali wake kutoka A ni sufuri. Tunabaki na kisichojulikana kimoja: RB, nguvu ya egemeo B (ya A tutaiita RA).

RB × 5 = (10 × 2.5) + (27 × 3.5) + (20 × 4)
RB × 5 = 25 + 94.5 + 80 = 199.5
RB = kN 39.9

Kisha RA = 57 − 39.9 = kN 17.1

Usiishie hapo. RA tumeipata kwa kutoa, kwa hiyo kosa la RB limehamia kwake kimyakimya, na ukizijumlisha zitakupa 57 hata kama zote mbili ni mbaya. Ihakiki kwa kuzungukia B:

RA × 5 = (10 × 2.5) + (27 × 1.5) + (20 × 1) = 25 + 40.5 + 20 = 85.5
RA = kN 17.1

Ukifaulu: njia mbili zimekupa RA moja, na egemeo lililo karibu na mizigo mizito ndilo lenye nguvu kubwa. Hapa B inabeba zaidi ya maradufu ya A, na mchoro unakubaliana nalo.

## Hatua ya 6: Tembea na nguvu ya kukata

Wengi wanairuka hatua hii kwa haraka ya kufika kwenye momenti. Usiiruke. Nguvu ya kukata, yaani jumla ya nguvu zinazopanda na kushuka zilizo kushoto mwa mahali ulipo kwenye boriti, ndiyo inayokuonyesha momenti kubwa iko wapi. Bila hiyo utabahatisha, na karibu kila anayebahatisha husema "katikati".

Anzia kushoto na utembee kuelekea kulia. Ukikutana na nguvu inayosukuma juu, ongeza. Ukikutana na mzigo unaoshuka, toa.

- Mara tu baada ya A: +17.1
- Kwenye m 2: umepita m 2 za kN 2, kwa hiyo 17.1 − 4 = +13.1
- Kuanzia hapo kila mita ina 2 + 9 = kN 11. Kabla tu ya m 4: 13.1 − 22 = −8.9
- Baada tu ya m 4, mzigo wa ngazi umeingia: −8.9 − 20 = −28.9
- Kabla tu ya B: −28.9 − 11 = −39.9
- Baada ya B: −39.9 + 39.9 = 0

Ile sufuri ya mwisho ndiyo risiti yako. Ikikosekana, rudi Hatua ya 5 kabla ya kufanya kitu kingine chochote.

Kwenye m 4 kuna namba mbili, kabla na baada. Mzigo wa nukta unaifanya nguvu ya kukata iruke ghafla, na ukiandika namba moja tu utakuwa umeupoteza mruko huo.

Sasa angalia ishara zinapobadilika. Kwenye m 2 ni +13.1, kabla ya m 4 ni −8.9. Mahali fulani katikati nguvu ilikuwa sufuri. Inapungua kwa kN 11 kila mita, kwa hiyo:

13.1 ÷ 11 = m 1.19 baada ya alama ya 2

x = 2 + 1.19 = m 3.19 kutoka A

Hapo ndipo momenti ilipo kubwa kuliko kote. Sababu yake ni hii: nguvu ya kukata ni kasi ya kubadilika kwa momenti. Ikiwa chanya momenti inapanda, ikiwa hasi inashuka. Inapovuka sufuri momenti imefika kileleni.

## Hatua ya 7: Kata boriti, kisha ukusanye

Hii ndiyo hatua yenyewe. Chukua karatasi nyingine na uifunike sehemu yote ya mchoro iliyo kulia mwa mahali unapotaka kujua momenti. Ifunike kweli, kwa mkono wako, kwenye meza. Kinachobaki wazi ndicho unachoruhusiwa kukihesabu. Kilichofunikwa hakipo.

Momenti ya kupinda mahali hapo (M, kwa kilonyutoni-mita, kNm) ni jumla ya kila nguvu iliyobaki wazi, ikizidishwa kwa umbali wake hadi ukingo wa karatasi. Inayosukuma juu ni chanya, inayoshuka ni hasi.

Kata kwenye m 2. Zimebaki wazi RA na m 2 za uzito wa boriti. Sasa ndipo unapokusanya: m 2 × kN 2 = kN 4, na katikati ya kipande hicho ni m 1 kutoka ukingoni.

M = (17.1 × 2) − (4 × 1) = 34.2 − 4 = kNm 30.2

Kata kwenye m 3.19. Sasa imebaki wazi RA, m 3.19 za uzito wa boriti, na m 1.19 tu za ukuta. Si m 3 za ukuta. Sehemu nyingine ya ukuta iko chini ya karatasi.

- RA: 17.1 × 3.19 = 54.5
- Uzito wa boriti: 2 × 3.19 = 6.38, umbali ni nusu ya 3.19, yaani 1.595, momenti ni 10.2
- Ukuta: 9 × 1.19 = 10.71, umbali ni nusu ya 1.19, yaani 0.595, momenti ni 6.4

M = 54.5 − 10.2 − 6.4 = karibu kNm 38.0 (tarakimu za mwisho hutikisika kwa sababu tumekata 3.19 kwenye desimali mbili)

Kata kwenye m 4. Unaweza kuendelea kutoka kushoto, lakini kulia kuna vitu vichache. Geuza karatasi, funika kushoto. Imebaki RB na m 1 yenye kN 11.

M = (39.9 × 1) − (11 × 0.5) = 39.9 − 5.5 = kNm 34.4

Mzigo wa kN 20 hauonekani kwenye mstari huo kwa sababu uko ukingoni kabisa, umbali wake ni sufuri. Watu huona wamekosea hapo na kuuongeza kwa nguvu. Uache.

Ukitaka alama za kuchorea, hizi hapa:

| x (m) | Nguvu ya kukata (kN) | Momenti (kNm) |
|---|---|---|
| 0 | 17.1 | 0 |
| 1 | 15.1 | 16.1 |
| 2 | 13.1 | 30.2 |
| 3 | 2.1 | 37.8 |
| 3.19 | 0 | 38.0 |
| 4 | −8.9, kisha −28.9 | 34.4 |
| 5 | −39.9 | 0 |

### Kosa lenyewe, likitazamwa kwa karibu

Tuseme ulikusanya mizigo kabla ya kukata: kN 10 kwenye 2.5, kN 27 kwenye 3.5, kN 20 kwenye 4. Nguvu za viegemeo zitatoka 17.1 na 39.9, sahihi kabisa. Nguvu ya kukata itaanza 17.1 na kuishia sufuri, sahihi pia. Hakuna kengele itakayolia.

Halafu utakata kwenye 3.5, ambapo nguvu ya kukata inageuka ishara, na kupata:

M = (17.1 × 3.5) − (10 × 1) = 59.85 − 10 = kNm 49.85

Jibu sahihi ni 38.0. Umezidisha kwa karibu theluthi moja, na mahali pa momenti kubwa pamehama.

Nimewahi kuambiwa kwamba kuzidisha si neno, boriti itakuwa imara zaidi. Siikubali hoja hiyo. Kwanza, kuna mtu atakayelipia nondo zisizohitajika, na mara nyingi ni mtu anayejenga kwa mkopo wa chama. Pili, tabia hiyo hiyo ukiipeleka kwenye boriti inayopita egemeo na kuning'inia nje, kama ya roshani, inaweza kuificha kabisa momenti iliyo juu ya egemeo. Huko hutakuwa umezidisha. Utakuwa umeacha boriti bila nondo za juu mahali inapozihitaji zaidi.

## Hatua ya 8: Hakiki kwa njia tatu za haraka

Kwa eneo. Eneo chini ya mchoro wa nguvu ya kukata, kutoka A hadi mahali unapotaka, ni sawa na momenti ya hapo. Kutoka 0 hadi 2: wastani wa 17.1 na 13.1 ni 15.1, mara 2 ni 30.2. Kutoka 2 hadi 3.19: pembetatu, 13.1 × 1.19 ÷ 2 = 7.8. Jumla ni 38.0. Njia hii haitumii mkato hata mmoja, ndiyo maana nasisitiza ifanyike kila mara.

Kutoka upande wa pili. Kata kwenye 3.19 lakini usome kulia. Umbali hadi B ni 1.81, hadi mzigo wa ngazi ni 0.81.

M = (39.9 × 1.81) − (20 × 0.81) − (11 × 1.81 × 0.905) = 72.2 − 16.2 − 18.0 = kNm 38.0

Kwa mpaka. Chukua ile jumla uliyozungushia duara, kN 57. Mzigo wote ungewekwa nukta moja katikati, momenti ingekuwa 57 × 5 ÷ 4 = kNm 71.25. Hakuna mpangilio wa mizigo hiyo, yote ikiwa kati ya A na B, unaoweza kuvuka hapo. Mzigo ungeenea sawasawa, ungepata 57 × 5 ÷ 8 = kNm 35.6. Jibu letu la 38.0 liko karibu na la pili, na ndivyo inavyotarajiwa kwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo imeenea. Ukipata 380, umechanganya vipimo. Ukipata 3.8, umepoteza desimali.

## Hatua ya 9: Chora mchoro wa momenti

Weka alama za jedwali chini ya mchoro wa boriti, kwa kipimo kile kile cha sm 2 kwa mita, ili kila kitu kikae wima chini ya kingine. Chora nguvu ya kukata kwanza, momenti chini yake.

Penye mzigo ulioenea, mstari wa momenti ni tao. Usiunganishe alama kwa rula. Kati ya 0 na 2 tao ni la kulala sana kwa sababu mzigo ni mdogo. Kati ya 2 na 4 linapinda zaidi. Kwenye m 4 kuna kona, kwa kuwa hapo nguvu ya kukata imeruka. Mchoro wako ukiwa laini kabisa kwenye m 4, umeusahau mzigo wa ngazi.

Vyuo vingine huchora momenti chanya juu ya mstari, vingine chini, upande unaovutika. Fuata chuo chako, lakini andika alama ya + au − ili msahihishaji asibaki akikisia.

## Hatua ya 10: Lipeleke jibu kazini bila kulipotosha

Hiyo kNm 38.0 imetokana na uzito halisi, bila nyongeza ya usalama. Kabla ya kuchagua nondo, mizigo yenyewe huzidishwa kwanza. Kwa Eurocode, yaani kanuni za Ulaya za usanifu wa majengo, mzigo wa kudumu kama zege na ukuta kwa kawaida huzidishwa kwa 1.35, na mzigo unaobadilika kama watu kwenye ngazi kwa 1.5. Kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya zege ambayo bado wengi walifundishwa nayo, ni 1.4 na 1.6. Chagua kimoja na usivichanganye. Mzigo wa ngazi utengwe sehemu mbili, ya kudumu na ya kubadilika, kisha mahali pa nguvu sufuri patafutwe upya, maana patasogea kidogo.

Kwenye fomula za kuchagua nondo, vipimo hugeuka kuwa milimita. kNm 1 ni Nmm 1,000,000. Fanya ubadilishaji huo mara moja, mwishoni.

Saitini, namba ya m 3.19 ina maana yake. Boriti hii ikibebeshwa, upande wake wa chini unavutika, na unavutika zaidi eneo hilo. Nondo za chini zinatakiwa zipite hapo nzima. Nondo huja na urefu wa m 12, na fundi akishakata za kazi nyingine hubaki na vipande ambavyo hapendi kuvitupa. Ataviunga popote vinapokutana. Mwonyeshe mapema mahali ambapo pasiungwe, na umweleze sababu. Fundi aliyeelezwa sababu hulinda jambo hilo hata ukiwa hupo.

Na kama nyumba ni ya watu kuishi, hesabu yako ya daftari ipitiwe na kutiwa sahihi na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Kujua kuhesabu kunakusaidia kumuuliza maswali ya maana. Hakuchukui nafasi yake.

## Jaribu hili bila kuangalia juu

Boriti yenye urefu wa hesabu wa m 4. Uzito wake ni kN 2 kwa kila mita, kwa urefu wote. Kuna mzigo wa nukta wa kN 16, m 1 kutoka A. Tafuta RA, RB, momenti kubwa, na mahali ilipo.

Majibu: RA ni kN 16, RB ni kN 8. Nguvu ya kukata haigusi sufuri taratibu. Inaruka kutoka +14 hadi −2 chini ya mzigo wa nukta, na hapo hapo, kwenye m 1, ndipo penye momenti kubwa ya kNm 15.

Ukipata 16, umekusanya uzito wa boriti kabla ya kukata. Rudi Hatua ya 7. Ukipata 12, tazama RA yako. Kama ni 16, umeenda kusoma katikati ya boriti bila kufuata nguvu ya kukata. Rudi Hatua ya 6. Kama RA ni 12, umeusahau uzito wa boriti yenyewe, na kazi inaanzia Hatua ya 3.